LENZI YA KUVUTA: KAZI YAKE NA GHARAMA YAKE

Somo la Radio kwa Watu Wazima

  

Somo la leo linahusu lenzi ya kamera ya filamu, na hasa ile aina iitwayo lenzi ya zumu. Neno hilo limetoka kwa Waingereza, nao walilitumia kwa ndege inayopanda juu ghafla kwa mvumo. Kwa Kiswahili chetu twaweza kuiita lenzi ya kuvuta, maana kazi yake ni kuvuta kitu cha mbali kikaonekana karibu, kisha kukirudisha tena, na mpiga picha asiondoke mahali pake.

Labda mtauliza, kwa nini tujifunze habari za lenzi za zamani, na siku hizi watu wengi hupiga picha kwa simu ya mkononi? Sababu ni mbili. Kwanza, kamera za filamu hazijafa. Filamu zingali zikitengenezwa, na vijana wengi wanazirudia kamera za wazee wao. Pili, lenzi ya zamani huendeshwa kwa mkono, na kila inachofanya chaonekana kwa macho. Mtu akiielewa hiyo hatapata taabu kuzielewa nyingine.

Tuseme basi kwamba mtu amejiwekea akiba, naye anataka kuanza kazi ya kupiga picha za filamu katika maharusi na sherehe za shule. Muuzaji amemwonyesha lenzi ya chuma ya siku nyingi, imeandikwa namba mbili mbele: 43 na 86. Muuzaji anasema, "Chukua hii, bwana. Hii ni lenzi mbili katika moja. Huna haja ya kutembea tena." Je, maneno hayo ni ya kweli? Na mtu huyo atoe fedha yake, au aizuie? Mwisho wa somo hili nataka kila mmoja wetu aweze kumjibu.

NAMBA ZA LENZI ZINA MAANA GANI?

Tuanze na jaribio dogo ambalo kila kikundi chaweza kulifanya. Tafuteni miwani miwili ya kusomea, mmoja wa namba 2 na mmoja wa namba 4. Ingieni chumbani mchana, fungeni madirisha yote isipokuwa moja lenye kuonyesha mti ulio mbali nje. Mtu mmoja ashike karatasi nyeupe, mwingine aweke kioo cha miwani ya namba 2 kati ya karatasi na dirisha, akisogeze mbele na nyuma polepole. Angalieni sana, msielekeze kioo kwenye jua, maana chaweza kuunguza karatasi na kudhuru macho.

Kioo kikifika kiasi cha nusu mita kutoka karatasi, mtaona sura ya mti imetokea pale, kichwa chini miguu juu. Sasa wekeni miwani ya namba 4. Sura itatokea kioo kikiwa robo mita tu kutoka karatasi, nayo itakuwa ndogo, nusu ya ile ya kwanza.

Umbali huo kati ya kioo na sura ya kitu kilicho mbali ndio uitwao urefu wa fokasi. Kanuni ni hii: urefu wa fokasi ukiwa mkubwa, sura huwa kubwa, ukiwa mfupi, sura huwa ndogo, lakini mambo mengi zaidi huenea katika karatasi ile ile.

Namba 43 na 86 zilizoandikwa mbele ya lenzi ni urefu wa fokasi kwa milimita. Picha moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukisimama mita 10 kutoka mstari wa watu, na lenzi iko kwenye 43, utapata watu waliojipanga katika upana wa mita 8 na kidogo. Ukiivuta mpaka 86, utapata mita 4 na kidogo tu, lakini kila mtu ataonekana mkubwa mara mbili.

LENZI HUVUTAJE?

Rudini tena kwenye miwani yenu. Shikeni vioo viwili pamoja, cha namba 2 na cha namba 4, mkivigusanisha. Sura itatokea karibu, kiasi cha sentimita 17, nayo ni ndogo. Kisha vitenganisheni kwa upana wa kiganja. Sura ya kwanza itapotea, na mkiitafuta kwa kusogeza karatasi mtaiona imekuwa kubwa kidogo kuliko kwanza.

Hiyo ndiyo siri yote ya lenzi ya kuvuta. Vioo viwili au zaidi, nafasi kati yake ikibadilika, hufanya urefu wa fokasi ubadilike. Lakini bila shaka mmeona pia taabu iliyopo. Kila mlipovitenganisha vioo, sura ilihama, na karatasi ikabidi ihame nayo. Katika kamera filamu haihami. Imelala mahali pake nyuma, na sura sharti ije pale pale.

Kwa hiyo haitoshi kusogeza kundi moja la vioo. Kundi moja likisogea ili kuikuza sura, jingine sharti lisogee ili kuirudisha sura hiyo kwenye filamu. Na mwendo wa makundi hayo si sawa. Katika lenzi nyingi, fundi huchonga mifereji iliyopinda ndani ya bomba la chuma. Vijino vya kila kundi hupita katika mifereji hiyo. Wewe unavuta pete moja kwa nje, na ndani makundi mawili yanakwenda kila moja kwa njia yake. Mfereji ukichongwa vibaya kwa sehemu ndogo sana ya milimita, picha haitakuwa kali.

Lenzi ikifanya kazi hiyo vizuri, ukishalenga kitu kikawa kikali, kitabaki kikali hata ukivuta au ukirudisha. Zipo nyingine ambazo urefu wa fokasi hubadilika, lakini kila ukivuta huna budi kulenga upya. Hizo si za zumu kwa maana halisi, ingawa kwa nje zinafanana.

ILITOKA WAPI?

Watu wa sinema ndio walioihitaji kwanza, kwa sababu walitaka kukikaribia kitu huku picha zinakwenda. Mwaka 1932 ilitokea lenzi ya Bell & Howell Cooke Varo kwa kamera za sinema, yenye urefu wa fokasi kutoka milimita 40 hadi 120.

Kwa kamera za picha za kawaida ilibidi kungoja mpaka 1959. Mwaka huo kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani ilitoa lenzi iliyoitwa Zoomar, ya milimita 36 hadi 82. Aliyeibuni ni Frank G. Back, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani. Ilikuwa na vioo 14, na mdomo wake ulikuwa mpana hata kichujio chake kilihitaji kipenyo cha milimita 95. Ilikuwa kazi ya ajabu kwa wakati wake, lakini ilikuwa nzito na ghali, na watu wa kawaida hawakuweza kuinunua.

Mwaka 1963 kampuni ya Nikon ya Japani ilitoa ile lenzi ya milimita 43 hadi 86 ambayo muuzaji wetu ameishika. Wajapani hawa walitaka lenzi ndogo ambayo mtu aweza kuiacha katika kamera yake siku nzima. Walitumia vioo 9, vilivyopangwa katika makundi 7, na kichujio chake ni cha milimita 52 tu, kama cha lenzi zao nyingi nyingine. Namba 43 haikuokotwa tu. Ukipima picha ya filamu kutoka kona hadi kona utapata milimita 43 na kidogo, na tangu zamani watengenezaji wa lenzi wamekitumia kipimo hicho kuwa lenzi ya kawaida. Na 86 ni mara mbili yake.

Lenzi hiyo ilinunuliwa na watu wengi sana, na ndiyo sababu mpaka leo yapatikana mikononi mwa watu. Vile vile ilisemwa sana kwa ubaya. Sifa hizo mbili zote ni za haki, nasi sasa tutaona kwa nini.

JAMBO AMBALO LENZI HAIWEZI KULIFANYA

Muuzaji alisema, "Huna haja ya kutembea tena." Hapa ndipo yatupasa kusimama, maana watu wengi hukosea hapa, hata wenye kamera za thamani kubwa.

Fikirini bibi harusi na bwana harusi wamesimama uwanjani. Nyuma yao, mita 10 kutoka walipo, kuna mnazi. Wewe umesimama mita 2 kutoka kwa maharusi, na lenzi yako iko kwenye 43.

Ukibaki pale pale na kuivuta mpaka 86, nini kitatokea? Maharusi watakua mara mbili, na mnazi utakua mara mbili. Uwiano kati yao haukubadilika hata kidogo. Umeikata picha ile ile pande zote na kuikuza katikati. Mtu angeweza kukaa nyumbani na mkasi akapata picha ya namna hiyo, isipokuwa tu isingekuwa safi kama hii.

Sasa fanya vingine. Rudi nyuma mpaka uwe mita 4 kutoka kwa maharusi, kisha uivute lenzi mpaka 86. Maharusi watakuwa na ukubwa ule ule wa kwanza, kwa sababu umbali umezidi mara mbili na urefu wa fokasi umezidi mara mbili. Lakini mnazi? Kwanza ulikuwa mita 12 kutoka kwako, sasa ni mita 14. Umbali wake umezidi kwa sehemu moja ya sita tu, na lenzi imezidi mara mbili. Kwa hiyo katika picha mnazi umekua karibu mara 1.7. Umewakaribia maharusi, umekuja mabegani mwao.

Hayo hayakuletwa na lenzi. Yameletwa na miguu yako. Lenzi ilisaidia tu kuwarudisha maharusi kwenye ukubwa wao wa kwanza.

Ndivyo ilivyo na picha ya uso. Mtu akipigwa kutoka karibu sana, pua hutokeza na masikio hurudi nyuma, naye atakuja kulalamika kwamba hiyo siyo sura yake. Wengi huilaumu lenzi. Kosa ni la umbali. Ondoka, rudi mita 2 au zaidi, kisha vuta lenzi mpaka 86, na uso utakuwa wa mwenyewe.

Basi kanuni ya kukumbuka ni hii: kwanza chagua mahali pa kusimama, kisha ndipo uvute lenzi. Anayeanza kwa kuvuta ameiachia pete kazi ambayo ni ya miguu yake.

Wenye simu za mkononi nao waangalie jambo hilo. Katika simu nyingi, ukipanua vidole kwenye kioo hakuna kinachosogea ndani. Simu yaikata picha katikati na kuipanua. Nyingine zina lenzi mbili au tatu, na simu huhama kutoka moja hadi nyingine. Lakini hata hizo hazibadilishi mahali uliposimama.

GHARAMA YA LENZI YA KUVUTA

Kila faida ina malipo yake. Lenzi hii ya zamani hulipisha mara tatu.

La kwanza ni nuru. Tundu lake kubwa kabisa limeandikwa 3.5. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, isiyovuta, ambayo huuzwa kwa bei nafuu, aghalabu ina tundu la 2. Kumbukeni kwamba namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Hesabu yake ni kugawanya 3.5 kwa 2, kisha kuzidisha jibu kwa lenyewe. Mtapata mara 3 na kidogo. Yaani lenzi ya 50 huingiza nuru mara tatu kuliko hii.

Chukueni mfano wa ukumbi wa harusi usiku. Ikiwa lenzi ya tundu 2 yahitaji sehemu 1/60 ya sekunde, hii ya kuvuta itahitaji kiasi cha 1/20. Na kuna kanuni ya mkono: usipige kwa shata iliyo ya polepole kuliko moja kugawanya kwa urefu wa fokasi. Kwenye 86 wahitaji 1/125 ili mkono usitikise picha. Ukumbi unakupa 1/20. Picha zitakuwa na ukungu, na harusi hairudiwi. Mpiga picha sharti awe na taa ya flashi au lenzi nyingine.

La pili ni weupe unaoosha picha. Kila mahali nuru inapotoka hewani kuingia kiooni, au kutoka kiooni kuingia hewani, sehemu yake hurudi nyuma, kama mia kwa nne ikiwa kioo ni kitupu. Makundi 7 yana nyuso 14. Kama vioo vingekuwa vitupu, katika sehemu 100 za nuru zingefika kwenye filamu kama 56 tu, na baadhi ya hizo zilizorudi zingezungukazunguka ndani na kumwagika juu ya picha. Dawa yake ni utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, ambao Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss aliubuni mwaka 1935. Lenzi ya 1963 inao utando huo, lakini si mzuri kama wa lenzi za leo. Ukiielekeza upande wa jua, vivuli hugeuka kijivu na madoa ya nuru hutokea.

La tatu ni mistari iliyonyoka. Ni vigumu kuvipanga vioo vikatoa picha nyofu katika kila urefu wa fokasi. Lenzi ya 43 hadi 86 ya kwanza ina sifa mbaya hapa. Ikiwa kwenye 43, mistari iliyo pembeni mwa picha huvimba kama mbavu za pipa. Ukipiga mti au mtoto hutaona kitu. Ukipiga ukuta wa matofali, mlango wa msikiti au kabati la vitabu, kila mtu ataona. Katika miaka ya 1970 Nikon waliibuni upya wakatumia vioo 11, nayo ikawa bora sana. Hizo mbili hutofautishwa kwa maandishi: ya kwanza jina lake limeandikwa kwenye pete ya ndani kuzunguka kioo, na ya baadaye limeandikwa kwenye ukingo wa nje. Anayenunua aangalie hapo kabla ya kuulizia bei.

JINSI YA KUITUMIA

Lenzi hii ina pete moja pana inayofanya kazi mbili. Ukiizungusha, unalenga. Ukiisukuma mbele au kuivuta nyuma, unabadili urefu wa fokasi. Fanya kazi kwa utaratibu huu.

Simama mahali ulipopachagua. Vuta lenzi mpaka 86, ambako kitu ni kikubwa na kosa laonekana kwa urahisi. Zungusha pete mpaka jicho la mtu liwe kali. Kisha telezesha pete mpaka kwenye upana unaoutaka, bila kuizungusha. Hapa mkono sharti uwe mwangalifu, maana pete ni moja, na ukiipinda kidogo wakati wa kutelezesha umeharibu ulengaji. Kumbuka pia kwamba haikubali kulenga kitu kilicho karibu kuliko mita 1.2.

Mchana wa jua, tumia tundu la 8 au 11. Kwa filamu ya ISO 100 katika jua kali, tundu la 11 huenda na shata ya 1/250, na hiyo yatosha hata kwenye 86. Weka jua mgongoni au ubavuni, na utie kikinga jua mbele ya lenzi. Ukikosa kikinga, kivuli cha kiganja chako chatosha, mradi vidole visiingie katika picha.

KABLA YA KULIPA

Sasa turudi kwa yule mwenye akiba. Haya ndiyo mambo ya kukagua, na muuzaji mwema hatakasirika.

Kwanza, aipeleke pete mbele na nyuma. Iende kwa ulaini, isikwame. Kisha aielekeze lenzi chini. Pete ikiteremka yenyewe, imechakaa. Si ugonjwa wa kuua, lakini bei ishuke.

Pili, amulike tochi kutoka upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halidhuru. Aogope nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Huo ni ukungu, wa jamaa moja na ule unaoota kwenye mkate uliolala. Ukikaa sana hula uso wa kioo, na hapo hakuna fundi atakayeuponya.

Tatu, azungushe pete ya tundu na kutazama vile vibati vya ndani. Viwe vikavu na vifunge upesi. Vikiwa na mafuta huchelewa, na picha huingiwa na nuru kupita kiasi.

Nne, aifunge katika kamera, alenge kwenye 86 kitu chenye maandishi, kisha aipeleke mpaka 43. Maandishi yakipoteza ukali, makundi ya ndani yamehama mahali pake.

Tano, aangalie kama lenzi na kamera zapatana. Mwaka 1977 Nikon walibadili pete ya tundu. Lenzi ya kabla ya hapo ambayo pete yake haikuchongwa upya yaweza kuvunja kidole kidogo kilicho mdomoni mwa kamera nyingi za Nikon zilizofuata. Mtu akiilazimisha ameharibu kamera ili kuokoa lenzi. Asiyejua na amwulize fundi kwanza.

Je, ainunue? Ikiwa kazi yake ni nje, mchana, katika mikutano, michezo ya shule na safari, na lenzi imepita ukaguzi huo, yafaa ainunue, hasa ile ya vioo 11. Ikiwa kazi kubwa ni maharusi ya usiku ukumbini, aanze na lenzi ya kawaida ya milimita 50 yenye tundu la 2, na hii ingoje zamu yake. Ikiwa ni picha za majengo, asiichukue ile ya kwanza kabisa. Filamu ina picha 36 tu, na kila moja hulipiwa mara mbili, kuinunua na kuisafisha. Lenzi isiyofaa kwa kazi hula fedha hiyo kila siku.

KUITUNZA

Sisi wa pwani tuna adui mmoja mkubwa, naye ni unyevu. Ukungu hupenda giza, joto na hewa iliyotulia, na mfuko wa ngozi ndani ya sanduku huupa vyote vitatu. Lenzi isikae katika mfuko wa ngozi. Iwekwe katika kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na vipakiti vibadilishwe vikishachoka. Wakati wa masika itolewe mara kwa mara, itumiwe, ipate hewa na mwanga. Lenzi inayofanya kazi hushikwa na ukungu mara chache kuliko ile iliyofichwa.

Vumbi lipeperushwe kwanza kwa kipulizio au brashi laini. Usifute kioo kwa upindo wa khanga au wa kanzu; punje moja ya mchanga hukwaruza utando ambao tumeona faida yake. Wala usiifungue mwenyewe. Bomba lile lenye mifereji haliunganiki tena kwa kubahatisha.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini katika lenzi ya kuvuta haitoshi kusogeza kundi moja tu la vioo?

2. Mpiga picha amesimama mita 3 kutoka kwa mtoto, na nyumba iko mita 6 nyuma ya mtoto. Lenzi iko kwenye 43. Akirudi mpaka mita 6 na kuvuta hadi 86, ukubwa wa mtoto utabadilika? Na wa nyumba? Fanyeni hesabu kama tulivyofanya kwa mnazi.

3. Fundi mmoja katika kijiji chenu apiga picha za vitambulisho na za maharusi ya mchana. Mngemshauri anunue lenzi gani, na kwa sababu gani?

4. Tafuteni mtu mwenye lenzi yoyote ya zamani, muichungulie kwa tochi. Andikeni mlichokiona.

Kiongozi wa kikundi asitoe jibu la swali la pili mpaka kila mtu amejaribu kwa kalamu yake. Katika somo lijalo tutazungumza juu ya taa ya flashi, na jinsi ya kumwangazia bibi harusi bila kumpausha uso. Kwaherini.